Wali wa Arubaini ya Bi Mize

Bi Kidawa alipofariki mwezi uliopita, mjukuu wake Sabra alinipigia simu kutoka Mwanakwerekwe akaniambia kuwa familia inataka kuandika machache juu ya bibi yao, na wamenichagua mimi niwaeleze alichonifundisha. "Maneno mawili matatu tu, Bi Pili," alisema. Nikamjibu, mwanangu, mimi nilikaa na bibi yako mwaka mzima chini ya paa moja, na baada ya hapo nikaosha maiti pamoja naye mpaka miguu yake ilipokataa kupanda ngazi. Hayo maneno mawili matatu kayatafute kwa mtu aliyepishana naye njiani. Alicheka, lakini mimi sikuwa natania. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Sitaandika habari za kwetu Makunduchi wala za wazazi wangu, hizo zina mahali pake. Nitaandika mwaka mmoja, ule niliotimiza miaka ishirini, kwa sababu jambo ninalojivunia kuliko yote niliyoyafanya lilianza mwaka ule, na lilianza kwa kosa langu mwenyewe.

Nilikuja mjini kujifunza kushona, na Bi Kidawa alikuwa mshonaji aliyesifiwa Mlandege nzima. Chumba chake cha kazi kilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la masufuria, na mchana kutwa tuliwasikia wateja kule chini wakigonga masufuria kwa kucha, na mwenye duka akiapa kuwa bei aliyoitaja ndiyo aliyonunulia. Palikuwa na cherehani mbili za mguu karibu na dirisha, magauni yaliyosubiri vifungo yametundikwa kwenye misumari ukutani, na pembeni sanduku la mbao lililofunikwa kitambaa cha kufuma. Mimi nililala chumba cha nyuma pamoja na majora ya vitambaa, na hadi leo harufu ya nguo mpya hunirudisha pale. Siku yangu ya tatu niliagizwa mkasi mdogo, nikafungua lile sanduku nikidhani ni la vifaa vya kushonea. Nikakuta shuka nyeupe zilizokwisha kukatwa, pamba, vipande vya udi, majani makavu ya mkunazi ndani ya mkebe wa maziwa, na karafuu maiti iliyofungwa kwenye karatasi. Nilikuwa mtoto wa shamba lakini harufu ya karafuu maiti nilikuwa naijua. Nikarudisha mfuniko haraka kama niliyeungua vidole.

Bi Kidawa hakuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Ushaona," alisema. "Hilo ndilo duka langu la pili. La huku nnalipwa na watu. La huko yuko Mwenyewe ananitazama. Kesho au keshokutwa mtu atakuja kuniita, na wewe utafuatana na mimi."

"Mimi naogopa maiti, Bi Kidawa."

"Na wao wanakuogopa wewe. Hawajui kama una adabu."

Aliitwa kweli, na sikuwahi kumwona mtu anayeitika wito vile. Alikuwa anashona gauni la harusi, na mwenye gauni yuko pale pale amekaa kitako kulisubiri. Ukasikika mlango chini, sauti ya mwanamke ikaita, "Bi Kidawa!" naye akajibu, "Naam!" na sindano ikasimama katikati ya mshono. Mwenye gauni akalalamika, "Harusi Ijumaa, Bi Kidawa, jamani!" Bi Kidawa alikuwa ameshasimama, anajifunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kucheza ngoma. "Bibi harusi anaweza kunisubiri," alisema. "Yule hawezi." Hakuuliza aliyefariki ni nani, ana nini, anakaa nyumba ya namna gani. Hilo nililiona siku ile na nimeliona miaka yote. Nimekwenda naye kwenye nyumba za ghorofa tatu zenye milango ya misumari ya shaba, na nimekwenda naye kwenye chumba ambacho ilibidi tutoe kitanda nje ndipo tupate mahali pa kusimama, na uso wake ulikuwa ule ule. Nimewaona watu wanaomtumikia Mungu kwa kununa, utafikiri wanamlipia mtu mwingine makosa yake. Bi Kidawa alimtumikia kwa furaha, na ukikaa karibu naye ile furaha ilikuwa inaambukiza.

Waoshaji wake, mbali na yeye mwenyewe, walikuwa wanne, mimi nikawa wa tano. Desturi yao ilikuwa kupita kwanza nyumbani kwa Bi Kidawa na kula, kwa sababu alisema mwenye njaa ana haraka, na maiti haoshwi kwa haraka. Tulikula mbaazi za nazi na mkate wa boflo, chai ya mdalasini, wakati mwingine samaki wa kukaanga wa jana. Mimi nilikuwa nikigawa chai na kusikiliza. Walizungumza mambo yao yote pale: mume wa nani kakasirika kwa nini, nani kapata mjukuu, sukari imepatikana duka gani. Bi Riziki, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, alikuwa na mdomo mchafu ajabu na alinicheka kila nilipotamka neno la Kimakunduchi. Lakini tukishavuka kizingiti cha nyumba ya msiba, Bi Riziki yule yule alikuwa mtu mwingine, sauti imeshuka, mikono imelainika. Siku yangu ya kwanza nilipewa kazi ya maji. Bi Kidawa akayapima kwa upande wa ndani wa mkono wake, kama mama anayepima maji ya kumkogeshea mtoto, akasema ni ya moto mno.

"Si hasikii, Bi Kidawa?" niliuliza.

"Mimi nnasikia," alijibu, akaongeza maji baridi.

Zilikuwapo kanuni mbili. Ya kwanza, hatuchukui kitu. Watu wengine walikuwa wakiwapa waoshaji nguo za marehemu, au sabuni iliyobaki, na si vibaya, lakini Bi Kidawa hakutaka hata kipande cha sabuni kitoke na sisi mlangoni. Ya pili, tukitoka chumbani hatusemi. Hiyo ya pili niliielewa kama anavyoielewa kila mtu: ukiona baya, lifiche. Sikuuliza zaidi, na yeye kwa kunidhania nina akili hakunifafanulia.

Mwezi wa nne wa kukaa kwangu, Bi Kidawa alisafiri kwenda Pemba kumwuguza kaka yake, akakaa huko wiki nyingi. Akiwa huko alifariki Bi Salma, mama mtu mzima wa nyumba kubwa kule Mji Mkongwe, mwenye kusifiwa kwa sadaka na sala zake. Tulimwosha uani, kwenye kitanda cha kuoshea kilichowekwa juu ya mfereji wa maji, wanawake wanne wameshika shuka pande zote kumsitiri. Siku ya tatu ya matanga bintiye, Bi Nasra, aliniita pembeni ya jiko. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia. "Mwanangu, wewe ulikuwamo," alisema. "Mama alikuwaje?" Nami nilimwonea huruma. Sitaki kujisingizia ubaya ambao sikuwa nao. Nilimwonea huruma kweli kweli. Nikamwambia, "Alikuwa anang'ara, Bi Nasra. Anatabasamu, kama mtu aliyelala usingizi mzuri." Bi Nasra alinikumbatia, akalia kilio kingine, cha kushukuru. Kabla sijaondoka aliingia chumbani akatoka na doti ya kanga mpya, akanitia mkononi, nami nikaichukua.

Kwa siku kadhaa nilikuwa mtu mkubwa. Kwenye bomba la maji waliniuliza, nikasema. Dukani waliniuliza, nikasema, na kila niliposema tabasamu lile lilikuwa linazidi kidogo. Kuna mwanamke alisema amesikia chumba kilinukia bila ya udi, nami sikusema ndiyo, lakini sikusema hapana. Niliona natenda jambo la kheri, nawafariji watu na kumpa sifa marehemu mwema. Nilivaa ile kanga kwenda Darajani. Leo nikimkumbuka yule msichana na kanga yake natamani kumzaba kofi, kisha nimkalishe nimpe chai.

Wiki mbili baadaye, Bi Kidawa akiwa bado Pemba, alifariki Bi Mize, kwenye kichochoro cha nyuma ya nyumba yetu. Bi Mize alipata kuuza tembo la mnazi huko Mtoni, zamani, kabla hajahamia mtaani. Alikuwa ameacha miaka mingi, ametubu, anasali, lakini watu hawakuacha kumwita Mize wa Tembo. Alimwacha binti mmoja, Zuwena, rika langu, aliyekuwa akiuza vitumbua mlangoni kwao kila asubuhi. Tulimwosha Bi Mize vile vile kama tulivyomwosha Bi Salma, maji yale yale, karafuu maiti ile ile, nywele tukazisuka mikia mitatu. Tulipotoka, wanawake walikuwa wamejaa kichochoroni, na mbele yao Bi Fatu, jirani wa mlango wa kukabiliana, mwanamke ambaye hakuna habari iliyopita mtaani bila kusimama kwake kupumzika.

"Pili," aliniita. "Na huyu je?"

Nilisimama na ndoo yangu. Sikuona mng'aro wowote kwa Bi Mize, wala giza lolote. Niliona mwanamke aliyekonda kwa maradhi, basi. Kusema uongo sikutaka. Nikatazama chini, nikasema, "Bi Fatu, nnapita," nikapita. Nilijiona nimehifadhi amana.

Ilipofika siku ya tatu mtaa mzima ulijua kwa nini sikusema. Kwanza ilikuwa uso umekunjamana. Halafu uso umekuwa mweusi. Halafu maiti alikuwa mzito, waoshaji watano hawakuweza kumgeuza. Nilisikia kwa masikio yangu, kutoka dirishani, wateja wawili wa duka la masufuria wakielezana, na mmoja akasema, "Si yule msichana wa Kimakunduchi aliyemwosha! Kwa Bi Salma alisema mwenyewe. Kwa huyu kaulizwa, kainamisha kichwa." Niliacha kushona. Mguu wangu ulikuwa juu ya kanyagio na haukutaka kushuka.

Zuwena alikuja siku ya nane. Nilimsikia akipanda ngazi polepole, nikajua ni yeye kabla sijamwona. Alisimama kati ya cherehani mbili, na kwenye mkono alikuwa na sinia la vitumbua, limejaa. Ilikuwa karibu na adhuhuri. Saa ile vitumbua vya Zuwena huwa vimekwisha zamani. Aliliweka lile sinia juu ya meza ya kukatia nguo.

"Vya jana vilibaki," alisema. "Vya leo vimebaki. Hawanunui. Wanasema mikono iliyomshika mamangu ndiyo iliyovipika. Niambie kweli, Pili. Mamangu alikuwa mweusi?"

"Wallahi hakuwa mweusi."

"Alikuwa mzito?"

"Alikuwa mwepesi, Zuwena. Mimi peke yangu ningeweza kumnyanyua."

"Basi kwa nini hukusema?"

"Hakukuwa na la kusema."

"Kwa Bi Salma lilikuwapo," alisema, na hakupandisha sauti hata kidogo. Akageuka, akashuka. Vitumbua aliviacha.

Nilikaa peke yangu nikajilazimisha kukumbuka, si nilivyosimulia, bali nilivyoona. Bi Salma tulimkuta taya lake limekwisha kufungwa kwa kitambaa, kama inavyofanywa ili mdomo usibaki wazi. Kitambaa kikikazwa kidogo, pembe za midomo huvutika juu. Hilo ndilo lililokuwa tabasamu. Na mng'aro ulikuwa maji, maana tulikuwa tukimwosha na jua lilikuwa linaingia uani. Nilichukua bibi wa watu aliyekufa kama tutakavyokufa sote, nikampamba kwa maneno, na mapambo yale yakamvua nguo mwanamke mwingine mbele ya mtaa mzima.

Bi Kidawa alirudi kutoka Pemba akakuta habari zote zinamsubiri bandarini, kwa sababu mji wetu ndivyo ulivyo. Alikula kwanza, akasali, kisha akaniita. Nilikuwa nimetayarisha utetezi. Nikamwambia hata masheikh wanasema ukiona wema kwa maiti unaweza kuusema.

"Sheikh hajakaa mlangoni kwa Zuwena na sinia la vitumbua," alisema. "Pili, ukishasema juu ya mmoja, umesema juu ya wote. Yule uliyemsifu umemsifu. Yule uliyemnyamazia umemhukumu. Ulikuwa hulijui hilo?"

"Nilikuwa silijui."

"Basi na mimi nna kosa, kwa kutokwambia. Langu n'talibeba mimi." Alinyoosha kidole kwenye kanga yangu iliyotundikwa msumarini. "Hiyo irudishe. Na chumbani huingii tena mpaka nikwambie. Utachota maji, utatwanga mkunazi, utakaa nje ya mlango."

Kuirudisha kanga ya Bi Nasra ilikuwa kazi ngumu kuliko maiti yeyote niliyepata kumwosha. Alinipokea kwa bashasha, akaniletea sharubati na halua kwenye kisahani cha maua, katika ukumbi wenye saa kubwa ya ukutani. Nilimwambia nimekuja kurudisha kanga na kumwomba radhi, kwa kuwa nilisema lisilokuwa langu kusema. Kisahani kikabaki mkononi mwake. "Kwa hiyo mamangu hakutabasamu?" aliniuliza. Nikamjibu, "Bi Nasra, mimi habari za mama yako sina. Nilimwosha kwa heshima, kama anavyooshwa kila mtu. Basi." Akaichukua kanga, akaingia ndani na hakutoka tena. Nilisubiri, nikanywa sharubati yangu kwa sababu kuiacha ingekuwa utovu mwingine wa adabu, nikaondoka. Hakunisemesha kwa miaka mingi. Nilikuwa nimemwibia faraja yake, na ni mimi niliyempa hiyo faraja nisiyokuwa nayo.

Nilipita pia kwenye bomba la maji na dukani na kila mahali nilipopasimulia, nikasema nimekosa, mwoshaji hana habari ya kutoa. Haikusaidia sana. Bi Fatu alisema nimekatazwa na Bi Kidawa, na kwamba mtu akikatazwa kusema ujue lipo. Bi Kidawa aliponiambia kukana kwangu hakutamsafisha Bi Mize nilikuwa nimeshalijua hilo. Ningeweza kupanda juu ya paa nikaapa kuwa uso wa Bi Mize uling'ara kuliko wa Bi Salma, na ningekuwa nimerudia kosa lile lile, safari hii na uongo ndani yake.

Ikafika arubaini ya Bi Mize. Kwetu, siku ya kusoma khitma ya arubaini, wanawake wa mtaa hufika asubuhi bila ya kuitwa, kila mmoja na ungo wake, wanachagua mchele, wanamenya vitunguu na viazi, wanakuna nazi, na mchana watu wote wanakula. Kazi hiyo ndiyo heshima ya marehemu kwa upande wa wanawake. Nyumba ya arubaini isiyokuwa na nyungo barazani ni aibu isiyosahaulika. Asubuhi ile nilichungulia dirisha la nyuma. Mlango wa Zuwena ulikuwa wazi, moshi wa kuni unatoka uani, na kichochoroni hapakuwa na mtu. Bi Fatu alikuwa dirishani kwake, anatazama nani atakwenda.

Nikachukua ungo ukutani. "Bi Kidawa, nnakwenda kwa Zuwena kuchagua mchele."

Mguu wake haukusimama kwenye cherehani. "Nenda," alisema.

Zuwena alikuwa amechuchumaa uani, peke yake mbele ya gunia la mchele lililofunguliwa na sufuria kubwa aliyoiazima msikitini. Macho yake yalikuwa makavu. "Umekuja kutazama?" aliniuliza.

"Nimekuja kuchagua mchele."

"Chagua hapo ndani, basi, wasikuone."

Sijui nilipata wapi akili, maana mwaka ule wote sikuonyesha kuwa ninayo. Nilichota mchele nikaujaza ungo, nikachukua mkeka wake, nikautandika nje barazani, juani, mbele ya dirisha la Bi Fatu, nikakaa. Nikaanza kuchagua, vijiwe huku, chenga huku. Watu walipita. Wengine walinisalimu, wengine walitazama pembeni. Baada ya muda Zuwena akatoka na ungo wake akakaa karibu yangu. Nilihesabu vijiwe ili nisilie.

Jua lilikuwa limeshapanda nilipomsikia Bi Riziki kabla ya kumwona, anagombana na kiatu chake. Walitokea wote wanne mwanzo wa kichochoro, na Bi Kidawa mbele yao, kanga imefungwa kiunoni, ungo chini ya kwapa na kisu cha vitunguu mkononi. Gauni la mtu alikuwa ameliacha chini ya sindano, nina hakika. Walipofika dirishani kwa Bi Fatu alisimama.

"Bi Fatu, umeamkaje? Sisi tunakwenda kuchagua mchele wa mwenzetu."

"Salama, Bi Kidawa," alisema Bi Fatu, na ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake ikiwa ndogo.

Wakakaa. Mikono minane iliyomshika Bi Mize, ukijumlisha na yangu miwili ni kumi, ilikuwa barazani kwake mchana mweupe, ndani ya mchele wake. Hawakusema lolote juu yake. Bi Riziki alisimulia habari za jogoo wake, akatuchekesha mpaka Zuwena akacheka, akashtuka kwa kujisikia anacheka. Sufuria ilipoiva Bi Kidawa alichukua sahani, akaketi barazani pale pale, akala wali wa Bi Mize tonge baada ya tonge, polepole, mbele ya kila aliyepita. Mtaa ulikuwa umedai kujua walichokiona waoshaji. Basi waoshaji hao hapo, wanakula.

Wa kwanza kuja alikuwa bibi kizee wa nyumba ya pembeni, na nazi mbili. Akafuata mwingine na ndizi. Kufika adhuhuri tulikosa mahali pa kukaa, sahani zikabidi kuoshwa mara mbili, na khitma ikasomwa kwa sauti iliyosikika mpaka barabara ya madukani. Bi Fatu alikuja mwisho kabisa, akala sahani mbili. Zuwena ndiye aliyempakulia.

Tulipokuwa tunarudi, mimi nilikuwa sitembei, naruka. Bi Kidawa akanishika mkono. "Usifurahi mno," alisema. "Leo tumesema. Bila ya mdomo, lakini tumesema. Sasa arubaini ijayo tusipokwenda, tutakuwa tumesema tena."

Nikasimama. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tutakwenda zote. Kila tutakayemwosha, tutamchagulia mchele. Mwenye jina na asiye na jina, aliyetupenda na aliyetutukana. Utaweza?"

Nikasema nitaweza, kwa kujibu haraka kama wanavyojibu vijana. Na nimeweza. Hili naliandika bila ya haya: tangu mwaka ule sijakosa arubaini ya mtu niliyemwosha, ila nilipokuwa kitandani kwa uzazi na nilipolazwa hospitali, na mara zote hizo nilimtuma mtu na ungo wangu. Nimechagua mchele na homa. Nimechagua mchele siku ya harusi ya mwanangu, asubuhi, kisha nikakimbia kwenda kujipamba. Watu hunipa pole kwa kazi hii na mimi huwashangaa, kwa sababu sijui siku nyingine ninazojisikia mtu kamili zaidi ya hizo. Waoshaji wa mtaa wetu wa leo, mabinti wenye simu mkononi, wanafanya vile vile na hawajui ilianza vipi.

Baada ya arubaini ile Bi Kidawa aliniruhusu kuingia chumbani tena. Zuwena akaja kuomba afuatane na sisi. Bi Kidawa alimtazama, akamwambia ale kwanza.

Mwaka ulikuwa unaelekea ukingoni Bi Fatu alipofariki, ghafla, baada ya sala ya asubuhi. Tuliitwa, tukaenda. Kichochoroni wanawake walikuwa wamejaa, na walipomwona Zuwena amebeba ndoo nyuma yetu, mazungumzo yalikatika. Hakuna aliyekuwa amesahau. Binti wa Bi Fatu alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, na alipomwona Zuwena alishika fremu ya mlango, na nilidhani atatuzuia. Hakutuzuia. Alijua mama yake alisema nini, na alijua tukishatoka mle, neno moja la Zuwena, au kunyamaza kwake tu mbele ya umati ule, kungetosha kumfanyia Bi Fatu kile alichomfanyia Bi Mize.

Ndani, Bi Kidawa alimpa Zuwena kichwa, mahali pa heshima, penye uso na nywele. Nilimtazama. Alichovya upande wa ndani wa mkono wake ndani ya maji, akaona yana baridi, akaomba niongeze ya moto. Akamwosha Bi Fatu uso, nyuma ya masikio, shingo, polepole, kila mahali. Akamsuka mikia mitatu iliyonyooka kuliko yote niliyowahi kuiona. Nilijivuna kwa ajili yake, na sijapata kujivuna vile kwa jambo langu lolote.

Tulipofungua mlango wanawake wote walikuwa wamesimama. Binti wa Bi Fatu alimshika Zuwena mkono, ule mkono ungali unadondoka maji. "Zuwena," alisema. "Zuwena, mamangu..."

Zuwena hakutazama chini, wala hakutazama umati. Alimtazama yeye.

"Ingia umuage, kabla hatujamfunika uso," alimwambia. "Na siku ya arubaini usihangaike na mchele. N'takuja mimi."

Na alikuja, kabla yetu sote.